Kikundi ni kazi, si cheo: jinsi tulivyopanga ruhusa za wiki ya walimu

Wiki ya chama chetu cha walimu wa sayansi hapa Bukavu, yaani tovuti ambayo wanaoisoma ndio pia wanaoiandika na kuihariri, ilikuwa imekwisha kutumika kwa miezi minane kabla mtu yeyote hajaniuliza ni nani anaruhusiwa kufanya nini ndani yake. Programu yenyewe niliiandika pamoja na wenzangu wawili, nayo hukaa katika kompyuta ndogo inayotumia betri, kwenye chumba tulichoazimwa katika komini ya Ibanda, ikirusha Wi-Fi yake yenyewe ili mwalimu aliyetoka Kadutu, Bagira au hata Walungu aweze kuifungua kwa simu bila kununua mega za intaneti. Ndani yake kuna maandalio ya masomo, majaribio ya kemia yanayoweza kufanywa kwa vitu vya sokoni, michoro ya biolojia, na mazoezi ya fizikia tuliyoyatafsiri kutoka Kifaransa. Katika miezi hiyo minane kila mwenye akaunti aliweza kuandika, kufuta, kubadilisha jina la ukurasa na hata kugusa menyu ya wiki nzima, na kwa kuwa tulikuwa watu 11 tu tunaofahamiana kwa sura, hakuna kilichoharibika.

Chama kilipofikia wanachama 80, swali likaja, na lilikuja kama swali la heshima. Mmoja wa wazee wetu alitaka kujua ni kwa nini kijana aliyejiunga wiki iliyopita ana vitufe vilevile alivyo navyo mwenyekiti. Niliona ana haki ya kuuliza, nikarudi nyumbani nikapanga ruhusa kwa kufuata katiba ya chama. Nilitengeneza vikundi sita vilivyopandana kama ngazi: mwanachama chini, juu yake mshauri, kisha mtunza hazina, katibu, makamu na mwenyekiti, na kila kikundi kilirithi uwezo wote wa kikundi kilicho chini yake, kisha kikaongezewa kidogo. Katika mkutano mpango huo ulipigiwa makofi. Haukumaliza wiki sita.

Kazi ya kila siku ya wiki ni kufagia. Kurasa mbili zenye somo moja zinahitaji kuunganishwa, jina lenye kosa la tahajia linahitaji kusahihishwa, na ukurasa mtupu uliofunguliwa na simu iliyojibonyeza mfukoni unahitaji kuondolewa. Waliokuwa wakifanya kazi hiyo ni walimu vijana watatu wanaopita chumbani kwetu karibu kila jioni, na ngazi yangu ilikuwa imewaweka chini kabisa, kwa sababu kufuta ukurasa nilikufanya kuwa kazi ya katibu. Katibu, mtu mwenye familia na vipindi vingi vya kufundisha, anayerudi kwake Bagira kwa miguu, alifanya jambo ambalo yeyote aliyechoka angelifanya: aliwapa neno lake la siri. Tangu siku hiyo daftari la matukio la wiki likawa linaandika kwamba katibu amefuta kurasa 31, wakati yeye mwenyewe hakuwa ameufungua hata mmoja kati ya hizo, na siku ukurasa wa mtu ulipofutwa kwa makosa, lawama zilimwangukia mtu ambaye alikuwa darasani na chaki mkononi.

Kosa la pili lilitoka katika kikundi kilichofuata juu yao. Mshauri wetu, mwalimu mstaafu ambaye wengi wetu tulipita mikononi mwake, alikuwa na ruhusa ya kuhariri menyu kwa sababu tu kikundi chake kilikuwa juu ya wanachama wa kawaida. Alitaka kuongeza tangazo la mkutano, akasahau alama moja ya kufunga, na menyu ikaenea juu ya kurasa zote kiasi kwamba kwa siku mbili hakuna aliyeweza kubofya kitu kwenye simu. Mzee huyo aliniomba radhi, nami nilihuzunika kuombwa radhi, kwa maana kosa lilikuwa langu. Nilimpa panga kwa kuheshimu mvi zake, wakati hakuwa na shamba la kufyeka.

Nikarudi kwenye asili ya jambo. Wiki ya kwanza duniani, ile ambayo Ward Cunningham aliifungua tarehe 25 Machi 1995, ilimruhusu aliyefika kuhariri, na jina lake linatokana na neno la Kihawaii lenye maana ya haraka, ambalo Cunningham alikutana nalo katika uwanja wa ndege wa Honolulu, ambako mabasi ya abiria yaliitwa hivyo. Programu za wiki zilizofuata ziliweza kudumisha uwazi huo bila kuangamia kwa sababu ya historia ya ukurasa: kila toleo la zamani limehifadhiwa, na anayeharibu hutumia muda mrefu kuliko anayerudisha. Nilipolitafakari hilo vizuri, nikaona kwamba mimi nilikuwa nikipima watu, wakati kilichopaswa kupimwa ni vitendo.

Basi nikachukua karatasi nikaandika kila kitendo ambacho programu yetu inakijua, na mbele ya kila kimoja nikajibu maswali mawili: kikikosewa, ni nani anaweza kukirudisha, na hadi kirudishwe ni watu wangapi watakuwa wameumia. Kuhariri ukurasa hurudishwa na mwanachama yeyote kwa dakika moja, na anayeumia ni msomaji wa ukurasa huo tu. Kubadilisha jina hurudishwa pia, ila viungo vinavyoelekea kwenye jina la zamani huweza kukatika. Kufuta huupeleka ukurasa katika ghala ambalo wachache wanaliona. Kupakia mafaili makubwa hujaza kadi ya kumbukumbu, na kadi ikijaa hakuna tena anayeweza kuandika. Kubadilisha menyu, au ile JavaScript (msimbo, yaani maagizo ya programu, unaoendeshwa ndani ya kivinjari) inayopakiwa pamoja na kila ukurasa, humgusa kila mtu papo hapo, hata yule aliyekuja kusoma tu. Na kumwingiza mtu katika kikundi ndicho kitendo kizito kuliko vyote, kwa kuwa huzaa vitendo vingine vyote. Karatasi ile ilinionyesha mpangilio ambao katiba ya chama isingeweza kunionyesha kamwe.

Niligundua baadaye kwamba Wikipedia ilikwisha kupita njia hiyo kwa kiwango kikubwa zaidi. Katika MediaWiki, programu inayoiendesha, wasimamizi wa kawaida, ambao Wikipedia ya Kiswahili huwaita wakabidhi, waliweza kwa miaka mingi kufuta kurasa, kuzilinda na kuwazuia waharibifu, na pamoja na hayo waliweza kubadilisha JavaScript na CSS (kanuni za mwonekano wa kurasa) za tovuti nzima. Mwaka 2018 uwezo huo wa mwisho ulitengwa na kupewa kikundi kipya, kwa hoja iliyo wazi: msimbo uliowekwa pale hukimbia ndani ya kivinjari cha kila msomaji, hivyo akaunti moja ya mkabidhi ikiibwa, mwizi angeweza kuwafikia wasomaji wote kwa mara moja. Mkabidhi mwema anayefuta matusi kila siku si lazima awe anajua JavaScript, na wengi hawakuihitaji kwa lolote. Kilichohitajika ni kukubali kwamba hizo ni kazi mbili.

Vikundi vyetu vya sasa vina majina ya kazi, na niliyachagua kwa makusudi yasiwe majina ya kutamanika. Waandishi ni wanachama wote walioandikishwa. Wapitiaji hutia alama kwenye ukurasa kuonyesha kwamba somo limekaguliwa na mtu anayelifahamu, na hao wamegawanywa kwa eneo, yaani mpitiaji wa kemia hana alama ya kutia katika fizikia. Wafagiaji hufuta, hurejesha, hubadilisha majina na huweza kufunga ukurasa usihaririwe kwa muda. Wachoraji hupakia picha. Mafundi hugusa menyu na msimbo. Wasajili huingiza watu katika vikundi na kuwatoa. Kikundi cha wenyeviti hakipo. Jina la wafagiaji lilipingwa sana katika mkutano, kuna aliyependekeza wakurugenzi wa maudhui, lakini nilisimama imara, kwa sababu nilikuwa nimeona kinachotokea kikundi kinapopewa jina zuri: watu huomba kuingia ili waonekane kwenye orodha. Hakuna anayeomba kuwa mfagiaji isipokuwa ana ufagio mkononi.

Vikundi vikishajulikana, kunabaki swali ambalo wengi hulipita mbio na baadaye huwagharimu: mtu akiwa katika vikundi viwili, na vikundi hivyo vinasema mambo tofauti, programu imsikilize nani? Kabla ya kuamua nilisoma kwa makini jinsi programu tatu za wiki zinavyojibu.

MediaWiki hujumlisha. Uwezo wa mtumiaji ni jumla ya ruhusa za vikundi vyake vyote, pamoja na kile cha kila mtu duniani, kinachoandikwa kwa alama ya nyota, na kile cha wote walioingia kwa akaunti. Hapo ndipo wasimamizi wapya hunaswa. Mtu huandika katika faili la mipangilio, LocalSettings.php, kwamba kikundi cha wanagenzi hakiruhusiwi kuhariri, kisha anashangaa kuwaona wanagenzi wakiendelea kuhariri, kwa kuwa kikundi cha wote walioingia, ambacho wanagenzi nao wamo, kimekwisha kuwapa ruhusa hiyo. Kusema hapana ndani ya kikundi kimoja kuna maana tu kwamba kikundi hicho hakitoi. Kunyang'anya kilichotolewa na kikundi kingine kuna mpangilio wake wa pekee.

MoinMoin, iliyoandikwa kwa lugha ya programu ya Python, huweka mstari wa ruhusa juu kabisa ya ukurasa, huusoma kutoka kushoto kwenda kulia, na jina la kwanza linalomhusu mtumiaji ndilo linaloamua. Mwandishi akitanguliza watu wote na ruhusa ya kusoma, kisha akafuatisha kikundi cha wahariri na ruhusa ya kuandika, wahariri watabaki wasomaji, kwa kuwa wao pia ni miongoni mwa watu wote na programu imekwisha kupata jibu lake. Jambo lililonivutia zaidi katika MoinMoin ni kwamba kikundi chenyewe ni ukurasa wa wiki wenye orodha ya majina, hivyo mabadiliko ya uanachama yana historia kama maandishi mengine yoyote. Nililipenda wazo hilo, na papo hapo nikaliogopa: anayeweza kuuhariri ukurasa huo ameshajipa cheo, kwa hiyo ukurasa wa kikundi usiolindwa ni nyumba yenye kufuli mlangoni na ufunguo dirishani.

DokuWiki haitumii hifadhidata. Kanuni zake zimo katika faili la maandishi, na utaratibu wa mistari haujalishi. Programu hutafuta kanuni iliyo karibu zaidi na ukurasa, na isipoipata hupanda hadi eneo linaloubeba ukurasa huo, na hivyo hadi juu kabisa. Kwa mtu mwenye maeneo mengi mpango huo ni mwepesi kuliko mingine yote. Lakini ruhusa zake ni ngazi za namba, kusoma ni 1, kuhariri 2, kuunda ukurasa 4, kupakia mafaili 8, kufuta mafaili yaliyopakiwa 16, na ngazi ya juu hubeba zote zilizo chini yake, kiasi kwamba anayeruhusiwa kupakia picha lazima aruhusiwe pia kuunda kurasa. Sisi tuna kijana mchoraji, si mwalimu, ambaye hupakia michoro ya moyo na ya figo kwa ustadi mkubwa, na hatukutaka kumpa kazi ya kufungua masomo. Ngazi za namba haziwezi kulisema hilo.

Tulichagua kujumlisha, kama MediaWiki, na tukaongeza sharti moja: hakuna ruhusa hasi kabisa. Kikundi hutoa au hakitoi, na hakuna kikundi kinachonyang'anya. Sababu yangu si ya kihisabati. Mwalimu akinipigia simu kutoka Walungu akiniambia kwamba hawezi kufuta ukurasa fulani, nataka niweze kumjibu kwa kuuliza swali moja, yuko katika vikundi gani, na jibu lake litoshe. Ruhusa hasi zikiingia, ninalazimika kujua pia vikundi ambavyo vinamkatalia, na ni kipi kinashinda, na hapo mazungumzo humaliza salio la simu kabla ya kumaliza tatizo. Anayestahili kuzuiwa huzuiwa kwa jina lake, nje ya vikundi, kwa tarehe ya mwisho na sababu iliyoandikwa ambayo yeye mwenyewe anaisoma akijaribu kuhariri.

Hadi hapa nimezungumza juu ya kuandika. Kusoma ni jambo jingine, na ndilo lililonifundisha kwa uchungu. Mwaka wa pili walimu waliomba eneo lililofungwa ambamo wangetayarisha maswali ya mtihani wa mwisho wa mwaka, nami nikawapa: nikaongeza ruhusa ya kusoma kwa eneo, nikaijaribu kwa kufungua ukurasa bila ruhusa, nikakataliwa, nikaridhika. Wiki mbili baadaye mwalimu mmoja alikuja kuniona jioni, akaketi, akaniambia kwamba alitafuta neno osmosi kwa akaunti yake ya kawaida na kisanduku cha kutafutia kikamwonyesha mistari miwili ya swali la mtihani, na kwamba binti yake atafanya mtihani huo. Angeweza kunyamaza. Maswali yale yalitupwa na kuandikwa upya, na ninamshukuru hadi leo.

Nilipochunguza, niliona mlango huo haukuwa peke yake. Ukurasa uliofungwa ungeweza kuvutwa ndani ya ukurasa mwingine kama kigezo, na maneno yake yakaonekana pale. Orodha ya mabadiliko ya karibuni ilionyesha muhtasari wa kila hariri. Matoleo ya zamani yalikuwa na anwani zao. Picha za maswali zilitolewa moja kwa moja na seva, bila kupita kwenye programu kabisa, tatizo ambalo MediaWiki hulitatua kwa kupitisha picha kwenye faili la img_auth.php ili ruhusa ikaguliwe kwanza. Waandishi wa MediaWiki wenyewe hawakuficha kwamba programu yao haikubuniwa kwa ajili ya kuficha baadhi ya kurasa kwa baadhi ya watu, na baada ya jioni ile nilielewa kwa nini. Wiki imejengwa ili maneno yasafiri kutoka ukurasa hadi ukurasa, na kila njia ya kusafiria ni tundu katika ukuta wa siri. Tukaamua kwamba ruhusa ya kusoma haitakuwa na maeneo: aliye na akaunti anasoma vyote. Mitihani ina wiki yake, yenye akaunti zake, katika kompyuta nyingine isiyounganishwa na ya kwanza. Ni kazi zaidi kwangu, na ni uamuzi ambao ningemshauri yeyote anayeanza leo aufanye kabla ya kuandika mstari wa kwanza.

Sasa nije kwenye kikundi cha wasajili, ambacho kilileta mjadala mkali kuliko vyote. Mwenyekiti wetu, mtu mpole, aliniuliza mbele ya wote: «Mwanangu, hiki chama mimi ndiye ninakiongoza. Inakuwaje nisiweze kumpa mtu ruhusa, na wewe fundi unaweza?» Nilikuwa bado natafuta maneno ya adabu wakati mwalimu wa biolojia, mama ambaye pia ni mwenyekiti wa AVEC (kikundi cha kuweka na kukopa) ya mtaa wake huko Kadutu, alinijibia. «Baba, mimi ni mwenyekiti wa AVEC, na sina ufunguo hata mmoja. Sanduku lina kufuli tatu. Funguo ziko kwa wanachama watatu, sanduku liko kwa mtu wa nne. Mimi kazi yangu ni kuongoza mkutano. Siku nikishika funguo, wenzangu watoe pesa zao waende nyumbani.» Hapa mjini karibu kila familia ina mtu aliye katika kikundi cha kuweka na kukopa, kwa hiyo hakuna aliyehitaji maelezo zaidi.

Jambo hilo lina historia katika taaluma yetu pia. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika makala juu ya ulinzi wa habari katika kompyuta, na miongoni mwa kanuni walizozitaja ni kwamba mfumo unaohitaji funguo mbili ni imara kuliko unaofunguka kwa ufunguo mmoja, wakitoa mfano wa visanduku vya amana vya benki. Katika makala hiyohiyo wamesema kwamba kila mtu na kila programu ipewe uwezo unaotosha kazi yake tu, na kwamba msingi uwe kutoruhusiwa hadi ruhusa itajwe. Akina mama wa Kadutu hawakusoma makala hiyo, na sanduku lao linaifuata kuliko programu nyingi nilizozikagua.

Basi tulitenga. Wasajili ni watatu, na hakuna hata mmoja wao aliye fundi au mfagiaji. Msajili hawezi kujiingiza mwenyewe katika kikundi chochote. Programu inamkatalia, hata akiwa peke yake chumbani usiku. Kwa kikundi cha mafundi na kwa kikundi cha wasajili wenyewe, wasajili wawili wanapaswa kukubali kabla jina halijaingia, na ombi lisilopata mkono wa pili hufa baada ya siku saba. Mimi ni fundi, kwa hiyo siwezi kumwongeza mtu yeyote popote kwa njia ya kawaida. Najua kwamba mwenye kushika kompyuta yenyewe anaweza kufungua hifadhidata na kuandika apendavyo, na hilo nililisema wazi katika mkutano ule. Ndiyo sababu chumba kina funguo kwa mtu mwingine, na nakala ya daftari la matukio huchapishwa kwenye karatasi kila mwezi na kukaa kwa katibu.

Uanachama wa kila kikundi una tarehe ya kuisha, isipokuwa kile cha waandishi. Tarehe ya kawaida ni 31 Agosti, kabla ya mwaka wa shule kuanza, na anayetaka kuendelea huomba tena kwa sentensi moja. Niliogopa kwamba watu wataona wamefukuzwa, lakini kilichotokea ni kinyume: kwa kuwa ruhusa zote huisha siku moja, hakuna anayehitaji kumvua mwenzake kitu, na aliyehamia Uvira au aliyechoka huondoka bila aibu. Kumnyang'anya mzee ruhusa ni jambo zito katika utamaduni wetu, na programu inayoweza kumwepusha mtu na uzito huo imefanya kazi kubwa.

Mengine yalikuwa mepesi. Tulifikiria programu iwapandishe watu yenyewe kadiri ya muda na idadi ya hariri, kama Wikipedia ya Kiingereza inavyofanya kwa akaunti zenye siku 4 na hariri 10, tukaona hatulihitaji, kwa kuwa kila mwanachama wetu huandikishwa ana kwa ana. Kitendo kipya kikiongezwa katika programu, hakuna mwenye ruhusa nacho hadi kikundi kitajwe, na mara mbili kanuni hiyo imetuokoa tuliposahau.

Lililonisumbua kiufundi ni mahali pa kuulizia ruhusa. Katika toleo la kwanza niliikagua ruhusa wakati wa kuchora ukurasa: asiye mfagiaji hakuona kitufe cha kufuta. Nilidhani yatosha, mpaka mwalimu mmoja alipofungua kiungo cha zamani alichokuwa amekihifadhi kwenye simu, na ukurasa ukafutika bila swali, kwa sababu anwani ya kufuta ilikuwa wazi kwa kila aliyeijua. Kuficha kitufe si kukataza. Leo kuna kitendakazi kimoja tu, yaani kipande cha msimbo chenye kazi moja, tulikiita anaweza, kinachopokea mtumiaji, kitendo na ukurasa, na kurudisha ndiyo au hapana pamoja na jina la kikundi kilichotoa jibu hilo. Kila kitu hupita kwake: kitufe, anwani, kisanduku cha kutafutia, upakiaji wa picha, hata kazi za usiku za kutengeneza nakala. Jina la kikundi lililorudishwa huandikwa katika daftari la matukio, ili mtu asome baadaye kwamba ukurasa ulifutwa na fulani akiwa mfagiaji, wala si kwamba ulifutwa na fulani tu. Kwa sentensi hiyo fupi ugomvi mwingi umekwisha kabla haujaanza.

Yule mzee aliyeuliza swali la kwanza sasa ni mpitiaji wa fizikia, na hakuomba eneo jingine. Hukaa na kalamu nyekundu na karatasi zilizochapishwa, kwa kuwa macho yake hayapendi simu, kisha mjukuu wake huingiza alama kwa akaunti ya babu yake, mzee akiwa ameketi pembeni. Kwa kanuni zangu hilo ni kosa lilelile la katibu, neno moja la siri kwa watu wawili, nami sijataka kulikataza. Juma hili ninaandika namna ya mwanachama kumtaja msaidizi wake, msaidizi huyo akawa na akaunti yake, na daftari likaonyesha majina yote mawili, la aliyeamua na la aliyebonyeza.